Breki ya Upande wa Kushoto

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ili uweze kunisaidia inabidi nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri kwenye kitubio, wala sijalitamka kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani: breki ya mbele ya upande wa kushoto ya gari la baba, ile iliyomwangusha siku ya kubarikiwa kwa magari, niliifunga mimi. Mji mzima unajua kuwa aliifunga Mzee Kurdziel. Baba anajua hivyo, mama anajua hivyo, polisi wameandika hivyo, na Mzee Kurdziel mwenyewe ndiye aliyewaambia waandike.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko darasa la mwisho la sekondari, mwezi wa tano nafanya mtihani wa kumaliza shule. Majina yote humu nimeyabadilisha kwa sababu mama husoma safu yako gazetini kila Alhamisi, na akiisoma hii labda atajua kabla hajafika katikati, na sijui kama naliogopa hilo au ndilo ninalolitaka.

Gari lenyewe ni la michezo, la viti viwili, la Kiitaliano, la mwaka 1974, baba alilinunua kwa mjane mmoja kijiji cha pili, likiwa bandani, kuku wanalala kwenye kiti cha dereva. Baba ni dereva wa basi, siku nzima anaendesha kitu kirefu na kizito kinachosimama kila baada ya dakika mbili, kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini alilipenda, na kwa miaka minne kila Jumamosi tulikuwa gereji mimi na yeye, gereji zile za safu nyuma ya reli, ishirini na nne, kila moja na shimo lake la kushukia chini ya gari, ambako wanaume wa mtaa wetu wanaishi zaidi kuliko wanavyoishi nyumbani. Mimi nilikuwa msichana pekee. Nilikaa juu ya kreti na kitabu cha mafundi cha gari hilo, ambacho tulikipata kwa Kijerumani tu, na kwa kuwa Kijerumani nakisoma shuleni, kazi yangu ilikuwa kumsomea baba kwa lugha yetu, polepole, na yeye akiwa chini ya gari akipaza sauti, "Rudia hapo kwa pampu ya maji!" Sijui kama kuna kitu kingine maishani nilichokifanya vizuri kama hicho.

Baba alianza na injini. Akatia kabureta mbili kubwa mahali pa moja, akatia ekzosi pana, akapunguza springi gari likakaa chini kama paka anayevizia, na kila kilipoongezwa kitu wenzake walikuja kusikiliza na bia zao mkononi. Breki ziliachwa mwisho, zile zile zilizotoka nazo kiwandani, kwa sababu breki hazina mlio wa kumfurahisha jirani. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeruhusiwa kufungua plagi na kusafisha kabureta, breki nilikatazwa. "Breki si za kujifunzia, Bogna," alisema. "Hizo atafanya Kurdziel."

Mzee Kurdziel ana miaka sabini na minne, alikuwa fundi wa karakana ya mabasi miaka arobaini, gereji yake inatazamana na yetu. Mimi huniita msomi. "We msomi, hicho kitabu chako leo kinasemaje?" Nikimwambia kinasema boliti ikazwe kwa kipimo fulani, anasema, "Kitabu kina kipimo, mimi nina bega. Lete vyote viwili tuone nani muongo." Alinifundisha bila kutangaza kuwa ananifundisha. Mwezi wa saba, baba alipokuwa zamu za mchana, Mzee Kurdziel alifungua breki ya mbele ya kulia mbele ya macho yangu, akanionyesha kalipa, yaani lile koleo la chuma linalobana sahani ya gurudumu, na ndani yake pistoni, na juu ya pistoni raba ndogo ya mviringo, akasema raba hii ndiyo inayozuia oili isivuje na ndiyo inayoirudisha pistoni nyuma ukiachia pedali, na kwamba adui yake ni petroli, raba ya breki ikilowa petroli inavimba, ikivimba inaishika pistoni, na pedi zinazobana sahani haziiachii tena. "Osha kwa spiriti, ile ya zambarau. Au kwa oili yenyewe ya breki. Petroli hapana, hata ukishikiwa bunduki." Kisha akafuta mikono na kusema, "Kulia nimefanya mimi, umeona. Kushoto ni kwako. Baba yako asijue. Lakini gurudumu usilirudishe mpaka nije nitie kidole changu mwenyewe."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi alikwenda kijijini kwa dada yake kusherehekea siku ya mtakatifu wa jina la dada huyo, akaahidi kurudi Jumapili asubuhi kwa basi la kwanza, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa madereva, ambapo baada ya misa magari yote yanapanda kwenye uwanja wa kanisa kule kilimani na padri anayapitia kwa maji ya baraka. Baba alikuwa ameingojea siku hiyo miaka minne.

Jumamosi mchana nilifungua breki yangu, kila kitu kwa mpangilio kama kitabu kinavyosema, na nilipokuwa nikitoa raba mpya kwenye paketi mikono ilikuwa na jasho, zikaniponyoka, zikaanguka shimoni kwenye mchanga na oili chafu. Nikachukua chupa ya spiriti, ikawa tupu, tulikuwa tumeimaliza kwa upande wa kulia, na duka la rangi Jumamosi linafungwa saa saba, na Jumapili sheria hairuhusu maduka kufunguliwa. Oili ya breki ilikuwepo mezani, chupa moja, nikaiangalia nikaona nikiioshea haitatosha kujaza na kutoa hewa kwenye mabomba. Na pembeni kulikuwa na ule mtungi wa baba, mtungi wa kioo wa achari uliojaa petroli, ambamo baba huosha kila kitu, skrubu, kabureta, hata mikono yake, na mimi tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu nimeona kila chafu kikiingia humo kikitoka kinang'aa. Nikajiambia ni kuosha tu, si kulowesha. Kisha mama akapiga simu chakula kinapoa, nikaenda, na raba zikalala humo mpaka asubuhi.

Asubuhi zilikuwa zimenenepa. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona, lakini mimi niliona, kwa sababu hazikutaka kuingia mahali pake, nikazisukuma kwa kidole gumba mpaka kucha ikavunjika. Basi la kwanza likapita, Mzee Kurdziel hakushuka, nikalirudisha gurudumu mwenyewe. Baadaye nilijua lilikuwa limejaa watu wa misa likampita kituoni. Saa nne baba akaja amevaa shati jeupe na kunyoa ndevu, akasimama mlangoni.

"Kurdziel amemaliza?"

Nikasema, "Amemaliza."

Tukatoa hewa kwenye breki mimi na yeye, yeye anakanyaga, mimi nafungua na kufunga skrubu za hewa kwenye magurudumu yote manne, anasema "Shika!" nami nasema "Achia!", na pedali ikawa ngumu na nzuri, na baba akacheka peke yake kama mtoto.

Sasa, mshauri, ndiyo nafika kwenye jambo linaloniamsha. Kule kilimani, baada ya baraka, bendi ya zimamoto ikipiga, nilikuwa nimesimama ubavuni mwa gari nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Nikainama nikagusa gurudumu la kushoto. Liliniunguza vidole viwili. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara tatu, nilijua maana yake, pedi zilikuwa zimeng'ang'ania sahani kilima kizima na oili ndani inakaribia kuchemka. Baba alikuwa amezungukwa na watu, Bwana Pyrek, mwenyekiti wa gereji, alikuwa anapiga bodi kwa kiganja na kusema, "Haya dereva, tupigie resi kidogo, hata Kristofa asikie!" na watu wanacheka. Nikasema, "Baba." Mara moja, kwa sauti yangu ile ya darasani ambayo walimu huniambia niirudie. Hakusikia. Sikuirudia.

Baba akateremka kilima na gari, peke yake. Kwenye kona ya pili pedali ilikwenda mpaka sakafuni, akaligeuza gari lisiwafikie watu waliokuwa wanateremka kwa miguu, akagonga ukuta wa mawe wa kinu cha zamani. Nyonga imevunjika mahali patatu. Madaktari wanasema atatembea kwa fimbo, na basi hataendesha tena.

Mzee Kurdziel alishuka kwenye basi la saa saba akaja mbio na goti lake bovu. Aliinama kwenye gurudumu, akatia kidole, akakinusa. Akaniangalia. Polisi kijana akauliza nani alitengeneza breki. Mzee akasema, "Mimi."

"Zote?"

"Zote, kijana, kulia na kushoto, andika."

Siku ya pili aliniita gereji kwake, akafunga mlango. "Petroli?" Nikatikisa kichwa ndiyo. "Usiku kucha?" Ndiyo. "Na oili ilikuwa mezani." Nikamwambia niliona haitatosha. Akakaa kwenye ndoo, kisha akasema, "Sikiliza, msomi. Mimi nimemaliza, wewe hujaanza. Una mtihani, una chuo cha uhandisi kule Rzeszów kinakungoja. Hili ni langu, limekwisha. Ukifungua mdomo utaniaibisha mara mbili, kwanza kwamba breki zilishindwa, pili kwamba nilimwachia mtoto." Nikalia, akaniambia nikalilie nyumbani, pale kuna vumbi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Sasa ni mwezi wa kumi. Baba amerudi nyumbani, kitanda chake kiko sebuleni, na kila anayekuja kumwona anaambiwa, "Kurdziel kaniua, kaniacha napumua." Mama amerudisha mtungi wa uyoga ambao Mzee aliuleta mlangoni, hakuufungua hata. Kijana mmoja aliyempa Mzee pikipiki yake aitengeneze alikuja kuichukua na nusu ya injini ikiwa ndani ya ndoo. Bwana Pyrek anasema kwa sauti ya kusikika, "Mikono inatetemeka, macho yamekwisha, bado anagusa breki za watu," na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wanachama watapiga kura wamnyang'anye gereji ambayo amekuwa nayo tangu kabla baba hajaoa. Tena ameitwa na mwendesha mashtaka. Nikipita pale baada ya shule ananiuliza fizikia inakwendaje, wala hasemi lolote lingine, na amekonda.

Je, mshauri, ni haki nivunje ahadi aliyoniomba mzee, wakati yeye mwenyewe ndiye anayetaka kuubeba mzigo huu? Na baba, ambaye amebaki hana mguu mzima wala kazi wala gari, nimwondolee na binti pia? Nimejaribu kusoma vitabu kuhusu mambo haya na hakuna kinachonijibu.

Wako,
Bogna

JIBU LA BI. LEOKADIA

Binti yangu Bogna,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, na huruma hiyo bado ninayo. Mara ya pili nilikasirika, na nitakuambia wapi.

Sikukasirika kwenye petroli. Mwanafunzi anayeishiwa spiriti Jumamosi mchana, aliyekua akimwona baba yake akitumbukiza dunia nzima kwenye mtungi mmoja, atakosea hivyo hivyo ulivyokosea. Hilo ni kosa, na makosa ya namna hiyo ndiyo sababu mwalimu alisema usirudishe gurudumu mpaka aje. Nilikasirika kwenye lile neno "Amemaliza." Nikakasirika zaidi kule kilimani. Uliungua vidole, ukajua, ukasema "Baba" mara moja, ukaacha, kwa sababu watu walikuwa wanakutazama au uliogopa watakutazama. Unaniandikia kurasa nyingi kuhusu raba, lakini si raba inayokuamsha. Umeliandika wewe mwenyewe, kwa hiyo nadhani unalijua. Aibu ni kitu kizuri mbele ya wageni. Mbele ya gurudumu linaloungua haina kazi, na mbele ya mzee anayebebeshwa lawama zako haina kazi pia. Ulinyamaza kilimani, na kimya hiki cha sasa ni kile kile, tofauti ni kwamba kina miezi mitatu na wakati huu anayeteremka kilima ni mtu mwingine.

Unauliza kuhusu ahadi. Ahadi ipi? Mimi sikuona ukiahidi. Niliona mzee akikupa zawadi, nawe ukaichukua kwa kulia. Ana moyo mkubwa, lakini anagawa kisicho chake. Ukweli wa ile breki si mali ya Kurdziel wala si mali yako. Ni wa yule aliyelala sebuleni na vyuma kwenye nyonga. Na usimfanye mzee kuwa malaika: alimpa mtoto breki kwa siri, akapanda basi akaenda kwenye karamu. Hiyo ni sehemu yake, aibebe, anaiweza. Sehemu yako asiibebe. Kuwa na miaka sabini na minne hakumfanyi mtu kuwa jalala la makosa ya wenye kumi na saba.

Unasema ukisema utamwondolea baba binti yake. Mimi nakuambia sasa hivi hana binti, ana msichana anayepita pembeni ya kitanda chake akiangalia sakafu. Kila siku anamchukia mtu asiyestahili, na chuki hiyo inamla yeye, si Kurdziel peke yake. Yako mambo ambayo baba yako naye ana jibu la kutoa, dereva wa miaka yote hiyo kuliongezea gari nguvu mara mbili kwenye breki za zamani, kisha kuanza mteremko bila kujaribu pedali. Ni kweli. Lakini siku utakayokiri usilitaje hilo hata kwa herufi moja. Mtu haji kuomba radhi amebeba bili.

Sasa fanya hivi. Usingoje ujasiri, hauji. Ukimaliza kusoma ukurasa huu nenda kwa mama, kisha muingie pamoja kwa baba. Uanze na sentensi ile ile uliyoniandikia mimi: niliifunga mimi. Usianze na duka kufungwa, usianze na basi kuchelewa. Sema hiyo, kisha sema kuwa uligusa gurudumu. Halafu nyamaza, na safari hii kimya kitakuwa mahali pake. Usilie kabla yeye hajasema, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza, na hiyo si kazi yake siku hiyo.

Kwa Kurdziel nenda siku hiyo hiyo, kumwarifu, si kumwomba ruhusa. Atakukaripia. Msikilize. Kwenye mkutano wa gereji nenda kabla ya kura, na kama sauti itakataa, andika kwenye karatasi usome, kwani kusoma mbele ya wanaume walio chini ya magari umekuzoea kwa miaka minne. Kwa polisi usiende peke yako, una miaka kumi na saba. Nenda na mzazi, na kwanza pitieni ofisi ya wilaya kwa mwanasheria wa bure, mumuulize. Na shuleni mtafute mwalimu mmoja umwambie kuwa hulali, kwa maana najua hulali.

Msamaha hutaupata siku hiyo. Pengine hautakuja mwaka huu. Usiukalie mlangoni ukiungoja. Unakwenda kumwondolea mtu mzigo wako mgongoni, na hilo linakamilika hata kama hakuna atakayekupa mkono.

Leokadia

BARUA YA PILI YA BOGNA

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kwa kifupi nilichofanya.

Gazeti lilipotoka sikuhitaji kwenda kwa mama. Nilikuwa nasoma chumbani, akaingia na gazeti limekunjwa, mikono ina unga, akasimama. Akasema, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akakaa kitandani kwangu, unga ukabaki kwenye blanketi. Baadaye tukaingia sebuleni. Baba alikuwa anakula supu ya matango. Nikasema kama ulivyoniambia. Akaweka kijiko chini.

"Zilikaa muda gani kwenye petroli?"

"Usiku kucha."

"Na gurudumu uliligusa."

"Niliita. Mara moja."

Akageukia ukutani. Mama akachukua bakuli. Leo ni siku ya kumi na tisa na baba hajaniambia neno, ila juzi alimwambia mama nikiwa pale, "Mwambie Kurdziel aje," kisha akasema, "Hapana, bado."

Mzee Kurdziel alikasirika. Alisema, "Nani alikutuma? Gazeti? Tangu lini gereji inaendeshwa na gazeti?" Akafunga mlango, nikakaa nje mpaka nikaona hafungui, nikaenda nyumbani.

Kwenye mkutano nilisoma kwenye karatasi. Mstari wa kwanza haukusikika, Bwana Pyrek akasema, "Paza, binti, huku nyuma hatusikii," nikaurudia. Nilipomaliza, mmoja akauliza, "Sasa na wewe Kurdziel, ulimwachia mtoto breki?" Mzee akainuka akasema, "Nilimwachia. Nilikosea. Pigeni kura kwa hilo, msipige kwa lile lingine." Walipiga. Gereji amebaki nayo kwa kura mbili. Kazi za breki amekatazwa kuzichukua. Alipopita karibu nami akitoka alisema, "Fizikia," basi, na akaenda.

Mwanasheria alituambia nitoe maelezo mimi mwenyewe, mama akiwepo. Jumatano nilikosa vipindi viwili vya mwisho, tukaenda kituoni. Afisa alikuwa yule yule kijana wa siku ile. Alitafuta faili, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akaniuliza kama aliyefunga breki ya mbele ya kushoto ni mimi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna mtu mzima aliyeikagua kabla gari halijaondoka. Nikasema hapana, niliambiwa ningoje na sikungoja. Aliandika polepole, kwa mkono, ukurasa na nusu, akanipa niusome. Niliusoma wote. Nikatia sahihi chini, mama akatia yake, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu.

Bogna